Kisukari na Ramadhani: daku, kupima na futari

Karibuni. Kama unatumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Dozi ya siku za kula, ukiitumia daku halafu ukashinda na njaa, itaporomosha sukari. Usiipunguze kwa kukisia.

Tuanze na daku. Ile karibu na alfajiri, si saa nne usiku kisha ukalale. Mchana unabebwa na akiba ya sukari iliyo kwenye ini. Ukila mapema, akiba nayo inaanza kuliwa mapema. Hapa sahanini tumeweka ugali wa dona, maharage, mchicha na yai. Chai ya sukari na mkate mweupe hupandisha sukari haraka na havikai tumboni. Maji usiyasahau.

Sasa kupima. Wanazuoni walio wengi wanasema tone la damu kidoleni halibatilishi saumu, kwa hiyo pima bila wasiwasi. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, tazama hapa. Katikati panauma zaidi. Kidole kilichoshika tende kikabaki na unato hutoa namba kubwa ya uongo. Kikopo cha stripu, vile vijiti vya kupimia, kifunge mara tu unapotoa moja, maana unyevu huziharibu.

Pima kabla ya daku, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu, na baada ya futari zikipita saa mbili. Alasiri usiiruke kabisa: akiba imekwisha na dawa bado inafanya kazi.

Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), katisha saumu papo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika 10. Tafadhali sana. Iliyoshuka, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Ukiona jasho, mikono inatetemeka au maneno yanakupotea, kunywa kwanza, utapima baadaye. Iliyopanda, kunywa maji. Ukitapika au ukipumua kwa kasi, wahi hospitali.

Futari: tende moja au mbili na maji. Mihogo ya nazi, viazi vitamu, tambi, kaimati, vyote ni wanga, na mezani huwa vimekaa pamoja. Chagua kimoja, kiasi cha ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mboga, pembeni samaki. Kaimati za shira ziache. Baada ya saa mbili ikizidi 10 siku tatu mfululizo, punguza ile ngumi, na namba zako zote mpelekee daktari.