Kabla Hujateremka Kitonga, Pima Alteneta

Mhadhara kwa madereva, Mbeya

Mugonile, ndugu zangu. Na mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Nianze na baridi hii tunayoisikia, maana ndiyo inayoniletea wateja. Mwezi wa sita na wa saba kila anayekuja ana neno moja: "Fundi, betri imekufa." Kumbe mara nyingi mgonjwa ni alteneta, mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Gari lisilochaji vizuri linaweza kuvumilia joto la Dar es Salaam kwa siku kadhaa bila kumsumbua mtu. Likilala usiku mmoja tu huku kwetu, alfajiri oili imekuwa nzito, stata inadai umeme mwingi, na betri yenyewe imepungukiwa nguvu kwa baridi. Basi lawama zote zinaiangukia betri. Alinijia mama mmoja anayesafirisha viazi kutoka Uyole, ameshauziwa betri mbili ndani ya miezi mitatu. Nilizipima zote mbili, zilikuwa nzima. Pesa ya yule mama inaniuma mpaka leo.

Sogeeni hapa kwenye pikapu. Mita naiweka kwenye volti za betri, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Injini imezimwa: 12.4. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Hii inafaa. Kijana, washa. Injini imetulia: 12.3. Kanyaga mafuta kidogo. Bado 12.3. Washa taa kubwa na feni. 11.9, na inazidi kushuka.

Mmeona? Gari linaunguruma vizuri kabisa, lakini linakula akiba. Alteneta nzima ingetupa kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15 nayo ni ugonjwa, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, haizuii tena, na betri itachemka mpaka maji yakauke.

Hata hivyo msikimbilie kununua alteneta. Zima kwanza. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea, na ndio huo unaolia asubuhi za mvua kule Tukuyu. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visugueni. Kisha ule waya mnene: injini ikiunguruma na taa zikiwaka, gusa nguzo kubwa ya alteneta kwa ncha moja ya mita, na chanya ya betri kwa ncha nyingine. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Gari la zamani limekatwakatwa waya na mafundi wengi, na mara nyingi kosa liko hapo hapo.

Sasa kipimo ninachokipenda. Fungua swichi bila kuwasha injini, sogeza bisibisi kwenye kitako cha alteneta. Inatakiwa ivutwe kama na sumaku. Shika wewe uliye mbele. Haivutwi, sivyo? Tazama na dashibodi: taa nyekundu ya betri haijawaka, na swichi iko wazi. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta hupitia kwenye taa hiyo, kwa hiyo balbu ikiungua, chaji nayo hupotea. Balbu hii nimeijaribu asubuhi, nzima. Fyuzi nzima. Nikafungua nyuma, na hizi hapa ni kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani. Moja imebaki fupi kuliko punje ya muhindi, haigusi tena. Alteneta haijafa. Inataka kaboni mbili tu.

Kuna kipimo kimoja nawaomba mkiache: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili kuona kama gari litazima. Nilifundishwa hivyo nami nikafanya, nikachoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ya mteja. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, zinaruka, na daiodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, zinaungua.

Nimebakiwa na wenye Hiace na Hilux za dizeli, zile za injini ya 2L na 3L. Ninyi alteneta yenu imebeba mgongoni pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, inayozungushwa na mkanda uleule, na vakyumu hiyo ndiyo inayokusaidia kukanyaga breki. Gari la petroli la sindano likikosa umeme litazima na kukusimamisha. Dizeli yako ya zamani itaendelea kutembea, nawe utajiambia utatengeneza ukifika. Mkanda ukikatika, unakanyaga breki mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Fikiria uko kwenye kona za Kitonga, ule mteremko mkali baada ya Ilula ukitoka Iringa kwenda Dar es Salaam, nyuma yako lori limejaa mbao za Mafinga.

Kwa hiyo ukitoka Iringa na taa nyekundu ikawaka, simama Ilula. Egesha pakavu, fungua boneti, tazama mkanda upo au haupo. Kama haupo, usiuanze mteremko, hata abiria wakikupigia kelele.