Chupa ya Mazengo

ZUHURA: Mbukwenyi! Leo kipindini ni ulinganifu: kitu kubaki kile kile hata ukikigeuza au kukihamisha. Nimeandaa theluji, nyota za baharini, mwanahisabati Emmy Noether...

MAZENGO: Kwanza chupa yangu.

ZUHURA: Haya, tumeanza.

MAZENGO: Dada, nimenunua mvinyo wa hapa hapa Dodoma, nikautia kwenye friji. Jumamosi namimina, chini naona chembe zinameremeta. Moja ikalia jinoni: kwacha! Nikajua vioo. Nimerudisha dukani, muuzaji ananicheka. Hela sijapewa.

ZUHURA: Na hupewi. Hiyo ni chumvi ya asidi ya tartari, asidi ya zabibu yenyewe. Mvinyo ukipoa sana, fuwele zinatuama. Ungeimumunya ungesikia uchachu. Tena hiyo asidi ndiyo kipindi chetu.

MAZENGO: Yaani hela yangu imekuwa mada!

ZUHURA: Sikiliza. Mwaka 1848, Paris, mwanakemia Louis Pasteur ana miaka 25. Asidi ya zabibu ya kawaida huzungusha uelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita ndani yake, lakini kulikuwa na aina yake isiyozungusha kitu. Akatengeneza chumvi yake, akaweka lenzi: fuwele za namna mbili! Kijisura cha pembeni kwa hizi kimelalia kulia, kwa zile kushoto, kama jozi ya viatu. Akazichambua kwa kibano, moja moja. Akayeyusha kila fungu peke yake: hili likazungusha kulia, lile kushoto. Changanya sawa kwa sawa, zinafutana.

MAZENGO: Na baridi ilimbeba. Zikifanyika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 hivi, pande zote mbili zinaingia kwenye fuwele moja, hakuna cha kuchambua. Angekuwa Dodoma Novemba, mchana...

ZUHURA: Angerudisha chupa dukani.

MAZENGO: Cheka tu. Ila umeona? Kulia, kushoto, nusu kwa nusu. Maumbile yanapenda ulinganifu.

ZUHURA: Wapi! Hiyo nusu kwa nusu ilizuka kiwandani. Mzabibu wa Hombolo unatengeneza upande mmoja tu. Asidi za amino za kwenye protini zako nazo, karibu zote za kushoto. Uhai umelalia upande.

MAZENGO: Bahati nasibu ya huko mwanzo. Sheria zenyewe hazibagui.

ZUHURA: Zinabagua! Mwanafizikia Chien-Shiung Wu, mwishoni mwa 1956, alipoza kobalti-60, metali yenye mnururisho, hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa, akapanga viini vyake vielekee upande mmoja. Elektroni zikatoka kwa wingi upande wa pili, si sawa kwa sawa.

MAZENGO: Hiyo kani dhaifu ya ndani ya kiini, inayotoa hizo elektroni, inauhusu nini mzabibu?

ZUHURA: Wapo wanasayansi wanaodhani inauhusu.

MAZENGO: Wanadhani. Na mimi nadhani hela yangu itarudi.

ZUHURA: Mazengo, sikubali.

MAZENGO: Usikubali. Mimi pia sihami.

ZUHURA: Basi tukae hivyo. Eti dakika moja imebaki? Theluji sijaigusa!

MAZENGO: Noether je?

ZUHURA: 1918: sheria za fizikia zikiwa zile zile jana na leo, nishati haipotei. Zikiwa zile zile hapa na Kondoa...

MAZENGO: Muda, dada.

ZUHURA: ...mwendo nao... jamani, wiki ijayo!