Nendeni Hospitali Kwanza, Simu Yangu Baadaye

Shikamooni wazazi wangu, wadogo zangu hamjambo. Nina neno na familia zetu za Dar.

Mgonjwa akizidiwa, msirushe picha kwenye grupu la familia mkakaa kusubiri nijibu. Majira ya joto ya huku Marekani, huko ikiwa saa tatu asubuhi, hapa Houston ninapoishi ni saa saba usiku, nimelala. Najua mnachoogopa: kufika hospitali mikono mitupu. Lakini kuna maradhi hayasubiri muamala.

Kiharusi, kwa mfano. Baba yuko mezani, ghafla mdomo unakwenda upande, mkono mmoja unalegea, ulimi unakuwa mzito. Mtaani watasema katupiwa jini, atafutwe mtu wa kumkanda. Jamani! Hapo mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Ukiwa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu, ila hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza apigwe CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ijulikane kama damu haivuji. Ondoa humo foleni ya kutoka Mbagala au Gongo la Mboto mpaka Muhimbili, muone kinachobaki.

Kwa hiyo angalieni saa. Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Daktari atauliza hilo. Msimpe aspirini, maana kama damu inavuja mtazidisha. Chai, uji, hata maji, acheni, anaweza kupaliwa. Mmoja apige simu kuuliza hospitali ipi ya karibu ina CT-Scan inayofanya kazi, wengine wanatafuta gari. Mkifika, msikae benchi la wagonjwa wa kawaida. Ulizeni dharura ni wapi, mseme wazi: hawezi kuongea, imeanza saa mbili.

Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mpelekeni hospitali usiku huohuo hata kama limeachia. Inaweza kuwa malaria kali. Vilevile asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au asiyeamka vizuri: hizo ni dalili za hatari, hakuna kungoja kupambazuke.

Mjamzito, aliyetoka kujifungua au kichanga akipata dharura, pigeni 115, mfumo wa m-mama. Ni bure, na usafiri wanautafuta wao.

Sasa nyie wenzangu wa ughaibuni. Hela ya dharura tuitume kabla mtu hajaumwa, ikae kwa mtu mmoja anayeishi karibu na wazee, na awe na ruhusa ya kuitumia bila kutuuliza. Tukitaka hesabu, tutaiomba mgonjwa akiwa kitandani anahudumiwa.

Na hapo nyumbani, wikiendi hii, kadi ya bima, daftari la kliniki na dawa anazotumia mzee viwekwe kwenye mfuko mmoja. Namba ya jirani mwenye gari iandikwe ukutani, si kwenye simu yenye nywila.