Mfuko Kwanza, Banda Baadaye: Mhadhara kuhusu Mbwa na Paka wa Mitaani, Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, masheikhe na wachungaji mliofika, walimu, vijana wa bodaboda, na akina mama wa soko la samaki la Feri: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za jioni kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie uokoaji wa mbwa na paka wanaozurura na wanaoteswa katika miji yetu ya Mtwara na Lindi, pamoja na namna ya kupata fedha za matibabu yao. Katika mazungumzo ya awali nilisikia hoja moja ikirudiwa na karibu kila mtu, kwamba tutafute kiwanja, pengine upande wa Naliendele au njia ya Mikindani, tujenge banda kubwa la kuwahifadhi wanyama hawa. Nimekuja kuwaomba tusijenge. Fedha ya kwanza itakayopatikana iende kwenye mfuko wa matibabu, chanjo na kuhasi, na banda lisubiri, hata likisubiri miaka.

Naanza na mgonjwa mmoja ili sote tujue ni gharama zipi tunazozizungumzia. Vijana kutoka Chuno waliniletea mbwa dume aliyefungwa waya shingoni tangu akiwa mtoto, na aliyemfunga hakuulegeza alipokuwa akikua. Mwili wa mbwa mchanga hunenepa wiki hadi wiki ilhali waya unabaki palepale, hivyo ngozi hupasuka, nyama huvimba na kuufunika, na mtu akimtazama kwa mbali huona mstari mweusi tu chini ya manyoya, ingawa harufu humfikia mapema. Mnyama wa namna hiyo hakatwi waya akiwa macho. Ilibidi apewe nusu kaputi, manyoya yanyolewe, waya utafutwe kwa kidole ndani ya usaha, ukatwe kwa koleo na kuvutwa polepole kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu iko jirani, kisha funza watolewe mmoja mmoja na kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi mpaka nyama nyekundu ionekane. Kidonda kama hicho hakishonwi siku ileile, kwa sababu ukikifunga unaufungia uchafu ndani. Huachwa wazi kipone taratibu, na kila siku kinahitaji mtu wa kukiosha, sindano au vidonge vya kuzuia maambukizi, chakula cha kumrudishia mgonjwa nguvu, na mahali pasipo nzi.

Vijana wale walichangishana fedha ya upasuaji palepale nje ya mlango, kila mmoja akatoa alichonacho, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini upasuaji ulichukua chini ya saa moja, na uuguzi ukachukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo mwenye huruma ya jana huwa amerudi kwenye shughuli zake, na gharama humwangukia mtu mmoja aliyekubali kukaa na mbwa. Uokoaji wetu mwingi hukwama katika kipindi hicho, kwa sababu huruma ya siku ya kwanza haijawekewa utaratibu wa kuilipia siku ya kumi na tano.

Sasa, kwa nini nalikataa banda? Banda linakula kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, korosho ziuzwe zisiuzwe. Linahitaji mlinzi, maji, mfagiaji na chakula, na hayo yote hulipwa kabla mnyama hata mmoja hajatibiwa. Halafu kuna ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na kirusi cha parvo, ambacho kinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi baada ya mgonjwa kuondoka. Ukiwakusanya watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa mahali pamoja, mmoja akaingia na kirusi hicho, unaweza kuwazika karibu wote ndani ya wiki moja. Tena banda likishajulikana, watu huja usiku kutupa watoto wa paka getini ndani ya kiroba, maana sasa wana mahali pa kuwapeleka. Badala yake nashauri tuwe na nyumba chache za kulea, kila moja ikimpokea mgonjwa mmoja au wawili kwa muda, na mfuko ukilipa chakula na dawa.

Niseme kidogo kuhusu mateso yenyewe. Paka wengi wenye majeraha ya moto ninaowaona hutoka kwenye vibanda vya chipsi, kwa mama lishe na sokoni, ambako paka akinyakua samaki humwagiwa maji ya moto au mafuta. Ninaielewa hasira ya mtu ambaye mtaji wake wa siku ni beseni moja la samaki. Dawa ya wizi wa paka ni beseni lenye kifuniko na taka za samaki zinazoondolewa mapema, kwa kuwa matumbo yanayotupwa pembeni ndiyo yanayowaita. Kwa anayedhani jambo hili ni la hiari, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayofanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa, na inamhusu mwenye mbwa kama inavyomhusu mwenye punda.

Wapo pia wanaomrushia mbwa mawe wakidhani wanatekeleza dini. Masheikhe wapo hapa na watanisahihisha, lakini nilivyofundishwa chuoni utotoni, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi na yana hukumu yake ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hakuna mahali nilipofundishwa kwamba hukumu hiyo hutekelezwa kwa jiwe. Nilichofundishwa ni hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, yaani soksi yake ya ngozi, akaing'ata kwa meno akapanda nayo, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie.

Nirudi kwenye fedha, na hapa nitakaa zaidi, nikianza na jinsi ya kuzitumia kabla ya jinsi ya kuzipata.

Matumizi ya kwanza yawe chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu duniani, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza mgonjwa huwa hana tumaini la kupona. Mikoa yetu ina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010 Lindi na Mtwara, pamoja na Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na kisiwa cha Pemba, zilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa majaribio wa kutokomeza kichaa kwa kuwachanja mbwa, katika wilaya 28, ukisimamiwa na Serikali kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Baadhi yenu mtakumbuka kuwavuta mbwa kwa kamba hadi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Pemba ugonjwa ulitoweka, kisha ukarudi mwaka 2016, na chanjo ndiyo iliyouondoa tena. Fundisho ni kwamba kampeni moja haitoshi. Lengo ni kuwafikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kila mwaka, kwa kuwa mbwa wetu hufa mapema na kuzaa sana, hivyo waliochanjwa mwaka juzi wengi wao hawapo tena.

Najua kila ukitokea uvumi wa mbwa mwenye kichaa husikika wito wa kuwaua mbwa wote kwa sumu au risasi. Tazameni nani anayekufa. Anayekufa wa kwanza ni yule asiyekimbia watu, anayekula chochote anachotupiwa, ambaye mara nyingi ndiye aliyekubali kushikwa na kuchanjwa. Mwoga wa vichakani anabaki, na baada ya miezi michache nyumba zilizopoteza walinzi wao huleta watoto wapya wasio na chanjo. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kiliingiliwa na kichaa mwaka 2008, wakaua mbwa kwa wingi huku ugonjwa ukizidi kuenea, na ahueni ilikuja walipogeukia kuchanja kisiwa kizima. Zaidi ya hayo, gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na mfululizo wa sindano anaohitaji mtu mmoja aliyeumwa na mbwa. Na kwa kuwa tumelitaja, aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Matumizi ya pili ni kuhasi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita, hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, na katika hali ya hewa yetu huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Sitawatajia yale mahesabu ya paka mmoja kuzalisha maelfu, kwa sababu wengi wa watoto hao hufa, na kufa kwao ndiko ninakotaka kukupunguza. Paka wa Feri na wa Shangani wakamatwe kwa mitego, wahasiwe, wachanjwe, wakatwe ncha ya sikio la kushoto wakiwa bado kwenye usingizi ili tusije tukawapasua mara mbili, kisha warudishwe pale walipotolewa. Najua kuwarudisha kunawaudhi baadhi yenu. Lakini paka aliyezoea sokoni akihamishiwa mtaa mgeni hupotea au hupigwa, na nafasi yake sokoni huchukuliwa na mwingine asiyehasiwa.

Matibabu ya dharura ni ya tatu, na hapa ujuzi huokoa fedha kuliko michango. Ukurutu unaowafanya mbwa wetu wawe vipara hutibika kwa sindano ya ivamektini: mbwa wa kilo 10 huhitaji chini ya nusu mililita kwa mara moja, kwa hiyo chupa ya mililita 50 hutosha mbwa wasiopungua 25 hata kila mmoja akichomwa mara nne, ilimradi kipimo kitolewe na mtaalamu. Watu wetu badala yake humpaka mbwa oili chafu ya gari, naye huilamba, na mgonjwa wa ngozi anakuwa mgonjwa wa ini. Vivyo hivyo, msimpe paka parasetamoli, ile tunayoiita panadoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua, kwa sababu mwili wake hauna uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama wetu.

Fedha zitoke wapi? Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa kuchanga, lakini mtindo wetu mkuu wa kuchanga ni wa harusi, wenye kamati, kadi, ahadi na tarehe, na ugonjwa wa mbwa hauna tarehe. Mfano unaotufaa zaidi ni mfuko wa jamii ndani ya VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: kila mwanachama huweka kiasi kidogo kilekile katika kila kikao, fedha hiyo haikopeshwi, hutoka tu kwa shida iliyokubaliwa, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu. Kila shilingi 10,000 itakayoingia, napendekeza 6,000 ziende kwenye chanjo na kuhasi, 3,000 kwenye dharura, na 1,000 ibaki akiba. Wengine wamependekeza tuombe makato kwenye kilo ya korosho kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Naomba tusiguse huko. Mkulima ana makato ya kutosha. Tunachoweza kufanya ni kufuata kalenda yake. Minada ikianza Oktoba fedha huonekana mjini, na kufika wakati wa mvua kubwa mifuko imekauka, kwa hiyo nyuzi za kushonea, glavu, pamba, spiriti na dripu zinunuliwe msimu wa mnada. Chanjo inunuliwe kwa kiasi kitakachotumika upesi, kwa sababu huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua.

Kuna wafadhili wa mbali pia, na sitawakataa, ila picha ya mbwa anayevuja damu huleta fedha kwa mbwa huyo mmoja, ilhali picha ya foleni ya mbwa wazima wakichanjwa haimtoi mtu machozi wala shilingi. Tukiwategemea hao peke yao tutajikuta tunatafuta majeraha ya kupiga picha. Kila fedha, ya karibu na ya mbali, iandikwe kwenye daftari moja, na kurasa zake zibandikwe kila mwezi mahali pa wazi, na jina la dawa iliyonunuliwa likiwa kando ya bei yake.

Liko jambo la mwisho ambalo kamati nyingi hulikwepa mpaka siku linapowafikia. Yupo mgonjwa ambaye mfuko hautamponya: uti wa mgongo umevunjika, au kichaa kinashukiwa, au maumivu hayatuliziki. Huyo alazwe usingizi wa mwisho kwa sindano ya mtaalamu, na uamuzi ufanywe na daktari wa mifugo pamoja na wajumbe wawili, aliyemleta asiwe mmoja wao, kwa kuwa ameshamzoea mno. Sindano hiyo nayo ina bei, na iwekewe fungu lake kwenye ile 3,000 ya dharura tangu mwezi wa kwanza.