Kurekebisha pembe ya bawa la nyuma: pima kwanza, kisha legeza bolti

Assalamu alaikum, karibuni tena gereji, hapa Chumbageni, Tanga. Leo tunashika bawa la nyuma, lile ambalo wengi tunaliita spoila. Gari mnaloliona ni la kukimbizia kiwanjani, na dereva wake analalamika kwamba kwenye kona za kasi mkia unamtoka, yaani nyuma inateleza nje. Kona za polepole anapita bila shida.

Hapo kwenye kasi ndipo penye jibu. Bawa hutumia hewa kukandamiza mkia chini, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, gari linakandamizwa mara nne, si mara mbili. Kama mkia unakusumbua kwenye kona ya polepole, usiguse bawa. Nenda kwenye matairi na springi.

Sasa njoo huku nyuma. Kabla ya spana yoyote, shika ncha ya bawa, livute juu, lisukume chini. Mnaona bati la buti linavyobonyea? Hilo halifai. Bawa linalofanya kazi kweli halifungwi kwenye bati tupu. Weka sahani nene ya alumini kwa ndani, au shusha nguzo mpaka kwenye chesisi, ile fremu ya gari. Jambo hili nalisema kila mara na sitachoka. Mwaka 1969, kwenye mbio za Formula One za Montjuïc kule Barcelona, madereva Graham Hill na Jochen Rindt wa timu ya Lotus walipata ajali mbaya katika shindano lilelile, kila mmoja baada ya bawa lake refu la nyuma kuvunjika. Mbio zilizofuata, kule Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Ikiwa lako linacheza, zima video hii, kaimarishe kwanza.

Letu tumeshaliimarisha, tuendelee. Gari liwe kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi uwe ule wa kiwanjani, mafuta kiasi kilekile, na mtu wa uzito wa dereva akae kwenye kiti. Dogo, panda. Mkia ukishuka kidogo tu kwa uzito, pembe nayo inabadilika, ndiyo maana nasisitiza.

Chukua kipima pembe cha kidijitali, kilaze sakafuni kwa kufuata urefu wa gari, kisha bonyeza sifuri. Programu ya simu nayo inafaa, ila iwekee sifuri sakafu hiyohiyo. Usikiweke kipimo juu ya mgongo wa bawa, pale pamepinda na patakudanganya. Weka rula ya chuma iguse ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, kipimo kikae juu ya rula. Kulia, digrii 4. Kushoto, digrii 4. Pande zikitofautiana, sawazisha hapo kabla ya lolote lingine.

Legeza bolti ya mbele kidogo tu, hiyo ndiyo bawa linazungukia. Toa ya nyuma kabisa, inua ukingo wa nyuma, hamia tundu linalofuata. Rula tena: digrii 6. Upande wa pili vivyo hivyo. Kaza kwa torki, yaani nguvu ya kukazia, aliyoandika mtengenezaji, halafu piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye breketi. Nati ikilegea, mstari utakatika na utaona kwa jicho.

Kwa nini tumeongeza digrii mbili tu, si nane? Bawa limekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo likikandamiza mkia linainua pua. Ukizidisha, gari litagoma kukata kona. Isitoshe, kila digrii inakula mwendo kwenye mnyooko.

Na kuna kikomo. Pembe ikizidi, hewa inaachana na upande wa chini wa bawa, na huko chini ndiko sehemu kubwa ya nguvu inakotoka. Bandika kwa utepe vipande vya uzi wa sufi upande wa chini, kila kimoja urefu wa kidole, kisha funga kamera iviangalie. Vikilala kuelekea nyuma, hewa imeshika. Vikianza kurukaruka na kugeuka, umepita, punguza. Angalia sana katikati: hewa inayoteremka kutoka kwenye paa hufanya pale pawe na pembe kubwa kuliko kwenye ncha, kwa hiyo pataachia kwanza.

Majaribio ni kiwanjani palipofungwa. Barabara ya Pongwe na Muheza ina bodaboda na watoto wa shule, tafadhalini sana. Nendeni asubuhi kabla kusi halijavuma kwa nguvu, maana upepo wa bahari ukigeuka hamtajua kilichobadilika ni gari au hewa. Kona ileile, matairi yaleyale, bawa peke yake ndilo libadilike. Kwenye daftari andikeni digrii, mwendo wa mwisho wa mnyooko, na maneno ya dereva kama alivyoyasema. Mkia ukitulia na pua bado inakata, acheni hapo. Pua ikianza kugoma, rudisheni tundu moja.