Pedi ndio vita yenyewe

Asalaam aleikum jamani, shikamooni wazee mlokaa hapo mbele, na nyinyi vijana wa mitaa yetu ya Lamu, Langoni na Mkomani, naona mmejaa, karibuni. Nimeambiwa niongee kuhusu gemu na najua kuna watu wamekuja kusikia mashine ya PS5 ya Sony na Xbox ya Microsoft ipi kali, hayo bishaneni wenyewe uwanjani Mkunguni. Mi naongea kuhusu pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, hiyo hiyo mnayoibamiza chini mkifungwa goli dakika ya 90.

Mimi nasema hivi: kampuni ikibuni pedi ya ajabu bado haijashinda kitu. Inashinda pale kila mnunuzi anaipata ndani ya boksi, na bei haijamkimbiza. Kwa sababu mtengeneza gemu hawezi kuandikia kidude ambacho labda mteja anacho labda hana.

Chukua mtikisiko, ile pedi kutetemeka mkononi. Mwaka 1997 Nintendo wakatoa kidude cha kuchomeka nyuma ya pedi ya mashine yao ya N64, unakinunua kando, unatia betri zako, ndio pedi itikisike. Kizuri sana, lakini kando. Mwaka huo huo Sony wakaja na pedi yao DualShock, mota za kutikisa ziko ndani, stiki mbili za kusukuma kwa dole gumba, umemaliza. Kufika 1999 wakatoa gemu ya kukamata nyani, Ape Escape, ambayo bila stiki mbili huichezi kabisa, na tangu hapo angalia pedi zote duniani, nani hana stiki mbili?

Sasa hapa kuna kichekesho. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Immersion, wao wana hataza, yaani haki za uvumbuzi, za mambo ya mtikisiko, mwaka 2002 wakawashtaki Sony na Microsoft pamoja. Microsoft wakalipa mwaka uliofuata wakaenda zao. Sony wakakaza shingo, mwaka 2004 jopo la mahakama likasema walipe dola milioni 82, wakakata rufaa, na kesi ikiwa bado inaendelea PS3 ikatoka 2006 na pedi haitikisiki! Watu wakauliza jamani vipi, wakaambiwa ati mtikisiko ungeziharibia kazi sensa, vile vihisio vinavyojua ukiinamisha pedi. Haya. Mwaka 2007 wakapatana na Immersion, na kumbe, DualShock 3 ikaja na vyote viwili, sensa na mtikisiko, vinakaa pamoja bila ugomvi. Mi sisemi kitu, mshajionea.

Wakati Sony wako kortini Nintendo wameleta mashine ya Wii, 2006 hiyo hiyo, pedi kama rimoti, unapunga mkono mpira wa tenisi unaenda. Nguvu ya mashine ilikuwa ndogo mbele ya PS3 wala hawakuficha, lakini Marekani Wii ilianza dola 250 na PS3 ya chini kabisa dola 499, na huko gemu ya michezo, Wii Sports, ilikuwa ndani ya boksi, mpaka bibi anaelewa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 101.

Microsoft wakaona wacha na sisi tutoe pedi kabisa mikononi, mwaka 2010 wakaleta Kinect, kamera inakutizama mwili mzima, ikauza milioni 8 ndani ya siku 60. Shida ni ile nafasi, ilitaka usimame karibu mita mbili kutoka kwa tivi, na nyinyi mnajua vyumba vyetu vya Mji wa Kale, upana wake ni urefu wa boriti, ukipunga mkono unampiga shangazi. Halafu 2013 wakailazimisha ndani ya boksi la Xbox One, dola 499, na PS4 iko 399. Boksini imo, sawa, lakini bei imemkimbiza mtu. Hata mwaka haujaisha wakaitoa, na 2017 wakaacha kuitengeneza.

Wii U, mashine ya Nintendo iliyofuata Wii, sina haja ya kuisema, haikuuza hata milioni 14.

Sasa kitu kinachoniuma mimi fundi. Fungua stiki ya pedi ya kawaida, ndani kuna potenshometa mbili ndogo, kila moja ina njia ya kaboni na kijibati kinachosugua juu yake kila ukisukuma. Inasugua, inalika, unga unabaki humo humo, na kwa upepo wetu wa chumvi hapa Lamu mchezaji anaanza kukimbia kushoto mwenyewe hujamgusa. Watu wanapulizia spirei, inatulia siku mbili tatu, inarudi. Dawa ipo na ni ya zamani, stiki ya sumaku, hakuna kinachosugua, kampuni ya Sega waliiweka kwenye pedi ya mashine yao Dreamcast tangu 1998! Na leo kampuni ndogo za China, 8BitDo na GameSir, wanaziweka kwenye pedi zao, wakati mashine ya Switch 2 imetoka 2025 na Nintendo wenyewe wamesema stiki zake si za sumaku.

Kwa hiyo ukiniuliza ushindani uko wapi, mi naona wakubwa wanashindana kwa triga, vile vitufe vya kuvuta kwa kidole, zinazokaza kidole kama za PS5, ambazo vijana wengi kwangu wanazizima wakianza mechi, na hao wadogo wanashindana kwa pedi kudumu. Mwenye gemu ya kukodisha kwa saa kama mimi hela yake anaipeleka kwa wadogo. Haya, maswali, ila tuanze na kina mama maana vijana wataongea mpaka isha.