Mjumbe achague nini, kama majina yamekwisha chujwa?

Shikamooni wazee wangu wa Bagamoyo. Vijana, salaam. Habari za Chimwaga, ule ukumbi wa Dodoma ambako CCM ilimpata mgombea wake wa urais, mmezisikia kwangu mara nyingi, na leo nazirudia, maana bado tunazisimulia vibaya.

Julai 1995, Mkutano Mkuu wa CCM, majina matatu: Mkapa, Msuya, na Kikwete, mtoto wetu wa Msoga. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya akatoka, kura zikarudiwa: Mkapa 686, Kikwete 639. Hebu tupige hesabu. Kikwete aliongeza 105, Mkapa akaongeza 227. Kwa hiyo waliokuwa wa Msuya ndio walioamua, na wengi wao walikwenda kwa Mkapa.

Najua yuko atakayesema, "Aliyeamua ni Mwalimu Nyerere." Hapana, mzee wangu. Mwalimu alimtaka Mkapa, hilo halina ubishi. Lakini neno lake lingetosha, Kikwete angeongozaje duru ya kwanza? Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 47! Wajumbe 24 tu wangegeuka, tungekuwa na Rais mwingine. Hapo mjumbe alikuwa mjumbe kweli.

Sasa 2015. Walioomba kugombea urais kwa CCM walizidi 30. Kamati Kuu ikabakiza watano, Lowassa, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, akakatwa, Halmashauri Kuu ikapeleka watatu. Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Kura zilipigwa, sikatai. Ila mchuano wenyewe ulikuwa umekwisha kabla wajumbe hawajaingia ukumbini.

Mtaniambia mchujo unazuia rushwa. Haya, ni wepi rahisi kuwafikia: watu wachache chumbani, au watu elfu mbili waliotoka kila wilaya? Nijibuni!

Januari 2025 Dodoma lilipitishwa jina moja la mgombea urais, la Rais Samia. Hapo hata hesabu ya kupiga hakuna.

Wenye kadi za chama, mnisikilize. Wajumbe wa kwenda Mkutano Mkuu wa Taifa wanachaguliwa kwenye mkutano wa wilaya. Anayetaka ujumbe akija kuwaomba kura, msimuulize atamchagua nani. Muulizeni kama atasimama Dodoma kudai majina zaidi ya moja.